Fazi za kizamani za kujitengenezea nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa weee mpaka nikaona bora niyaandike sehemu moja. Mimi si injinia, ni mpiga gitaa aliyeanza kuchomelea kwa ubishi tu na mpaka sasa ubishi haujaisha.

Fazi ni nini hasa, si ni ovadraivu tu yenye jina lingine?

Hapana. Zote mbili ni pedali za kukoromesha sauti ya gitaa, ila kila moja na tabia yake. Umeme unaotoka kwenye pikapu ya gitaa (ile sumaku yenye waya iliyo chini ya nyuzi) ni kidogo sana na unapanda na kushuka kama wimbi. Ovadraivu inalikuza hilo wimbi halafu inalibonyeza juu na chini kistaarabu. Fazi haina ustaarabu, inalikuza mpaka linagonga ukomo wa betri juu na chini, linakatwa kichwa na miguu, linalobaki ni kama mraba, ndo maana inasikika kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Noti moja moja ni tamu na inadumu sana, ila ukipiga nyuzi zote sita kwa pamoja inakuwa uji. Huo uji si ugonjwa, ndo fazi yenyewe hiyo.

Ilianzia wapi?

Kwenye ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya 60 huko Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi "Don't Worry" ya mwimbaji wa kantri Marty Robbins, Grady Martin anapiga gitaa la besi, kumbe chaneli moja ya mixa imeharibika, solo ikatoka na mkoromo wa ajabu na wakauacha. Fundi mitambo wa siku ile, Glenn Snoddy, akautafutia saketi ya transista (kidude cha miguu mitatu kinachokuza umeme) inayokoroma kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya magitaa ya Gibson wakaitoa kama Maestro FZ-1 Fuzz-Tone, transista tatu za gerimani (malighafi ya transista za zamani) na mawe mawili ya volti 1.5, basi. Haikwenda sana sokoni mpaka mwaka 1965 Rolling Stones walipotoka na "Satisfaction". Mwaka huohuo London ikazaliwa Tone Bender ya Gary Hurst, 1966 Arbiter wakatoa Fuzz Face, ile ya duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni, halafu 1969 New York wakaja na Big Muff ya Electro-Harmonix. Karibu kila fazi utakayokutana nayo ni mtoto au mjukuu wa mmojawapo wa hawa.

Sijawahi kushika pasi ya kuchomelea, nianze na ipi?

Fuzz Face, usibishe. Ndani yake kuna transista 2, rezista 4 (za kuzuia umeme), kapasita 3 (za kuhifadhi umeme kidogo) na poti 2 (vile vinobu vya kuzungusha), vitu kumi na moja tu. Rezista ni kilo-omu 33, 8.2 na 100 pamoja na omu 470. Kapasita ni maikrofaradi 2.2 ya kuingilia, 20 ya kwenye poti ya fazi (siku hizi weka 22 tu) na 0.01 ya kutokea. Poti ni kilo-omu 1 ya fazi na kilo-omu 500 ya sauti. Ukishakariri hivyo unaweza kuichora kwenye kiganja.

Big Muff ni nzuri lakini ina transista 4, dayodi 4 na rundo la rezista, ukikosea kitu kimoja mwanzoni hujui hata pa kuanzia kutafuta. Iache iwe ya pili au ya tatu.

Gerimani au silikoni? Naskia gerimani ndo "halisi".

Hili swali limevunja urafiki wa watu. Fuzz Face za mwanzo zilikuwa na gerimani, hasa NKT275, baadaye wakahamia silikoni kama BC183 na BC108. Kwa hiyo zote ni halisi, zote zilitoka kiwandani, wenye kubisha wabishe na kiwanda.

Tofauti ipo lakini. Gerimani inaanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 au 0.3 hivi na silikoni kwenye 0.6, halafu gerimani za zamani zina geini (nguvu ya kukuza) ndogo na ni nzito kidogo kwenye masafa ya juu, ndo maana sauti yake inakuwa ya mviringo, haichomi sikio. Silikoni ina geini kubwa, inang'ata, ina ukali kama wa msumeno. Pia ukishusha volyumu ya gitaa lenyewe, fazi ya gerimani inasafika vizuri mpaka unapata sauti karibu safi yenye kung'aa, silikoni nayo inasafika ila si kwa utamu ule.

Shida ya gerimani ni joto. Na hapa sisemi nadharia, jaribu mwenyewe: weka mita kwenye kolekta ya transista ya pili (ile miguu mitatu inaitwa kolekta, bezi na emita), isome volti 4.5, halafu bana transista ya kwanza kwa vidole viwili bila kuigusa miguu yake. Utaona namba inaanza kutembea, 4.6, 4.8, inapita 5, na ukiachia inarudi polepole kama mtu anayetoka usingizini. Joto la vidole tu hilo! Sasa piga picha jukwaa lenye taa kali. Mimi nilishawahi kupiga nje juani na fazi niliyoitengeneza usiku wa baridi, ikawa inakatakata sauti kama redio yenye betri imeisha, watu wakadhani ni waya mbovu.

Ushauri wangu: ya kwanza fanya ya silikoni, ni rahisi, haina wivu na hali ya hewa, ukiiharibu huumii moyo. Ya pili ndo gerimani.

Nitajuaje kama transista ya gerimani niliyopata ni nzima?

Usiiamini mita yenye tundu la hFE (yaani la kupima geini), itakudanganya. Transista za gerimani zinavuja, yaani hata bezi ikiwa haijaunganishwa popote bado umeme unapita kidogo kati ya kolekta na emita, na ile mita inauhesabu uvujaji kama geini, inakwambia 140 kumbe geini ya kweli ni 70 na iliyobaki ni uvujaji mtupu.

Njia ya wajenzi wengi ni hii. Kwa PNP (ndo gerimani nyingi za zamani; NPN ni ndugu yake ambaye chanya na hasi zimebadilishana), emita iende chanya ya betri ya volti 9, kolekta iende hasi kupitia rezista ya omu 2,472, ambayo hutaipata popote kwa hiyo unganisha 2,200 na 270 mfululizo, inatosha kabisa. Pima volti kwenye hiyo rezista bezi ikiwa hewani, huo ndo uvujaji. Andika. Halafu unganisha bezi na hasi kupitia rezista ya mega-omu 2.2, pima tena, toa namba ya kwanza kwenye ya pili, zidisha mara 100. Mfano, hewani imesoma 0.20, ukiunganisha bezi inasoma 1.05, tofauti ni 0.85, geini yako ni 85. Raha sana hii hesabu.

Subiri kidogo kabla ya kusoma maana ukishaishika na vidole imepata joto, ipe dakika moja mbili itulie. Kwa Fuzz Face tafuta geini ya 70 mpaka 80 kwa transista ya kwanza na 110 mpaka 130 kwa ya pili, na ile ambayo uvujaji wake ni mdogo kuliko wa mwenzake ndo iwe ya kwanza. Ikivuja mpaka hewani inasoma zaidi ya nusu volti, mimi naiweka pembeni, labda itafaa kwenye saketi nyingine.

Jina lililoandikwa mgongoni halikusaidii kitu hapa. Nina NKT275 moja inayovuja kama chujio na nina transista nyingine isiyo na jina lolote, namba zake zimefutika, ndo inayoimba kuliko zote nilizonazo.

Bayasi ndo nini, na kwa nini kila mtu anataja volti 4.5?

Ni mahali transista inapopumzikia kabla hujapiga kitu. Betri ni volti 9, kolekta ya transista ya pili ikikaa katikati, 4.5, wimbi lina nafasi sawa ya kwenda juu na kushuka. Ikikaa pembeni sana, wimbi linakatwa upande mmoja mapema, noti inapofifia inakufa ghafla kwa mkwaruzo badala ya kuzimika taratibu. Kuna watu wanaupenda huo mkwaruzo na wanautafuta kabisa, sawa, ila uupate kwa kutaka si kwa bahati mbaya.

Namna ya kuiweka: toa rezista ya kilo-omu 8.2 weka trima (poti ndogo ya kuzungushwa na bisibisi) ya kilo-omu 10 au 20, zungusha ukiangalia mita. Kwenye gerimani za PNP mita itasoma hasi, -4.5, usishtuke. Halafu hapa masikio yachukue kazi, mimi huwa naweka 4.5 kisha napiga noti moja ndefu na kuzungusha trima kidogo huku na huku mpaka inavyozimika inanifurahisha, mara nyingi naishia kati ya 4.5 na 5.

Nimeiunganisha kwenye umeme mmoja na pedali zangu zingine, zote zikazima!

Pole. Fazi ya gerimani ya PNP iliyojengwa kizamani ina chanya kwenye ardhi, yaani chasi ni chanya. Pedali zingine karibu zote chasi ni hasi. Ukizichanganya kwenye waya mmoja wa umeme, waya za sauti zinakutanisha chanya na hasi, hiyo ni shoti tu kwa jina lingine. Ipe betri yake au tundu la umeme lililojitenga kabisa na mengine.

Betri haina gharama kubwa hapa maana saketi nzima inakula chini ya miliampia 1. Ukiweka kitaa cha LED na rezista ya kilo-omu 4.7, kile kitaa kinakula kama miliampia 1.5, yaani taa inakula kuliko pedali! Gerimani zangu hazina taa, masikio si yapo.

Na jeki ya kuingilia iwe ya stirio ili hasi ya betri (au chanya, kwa hizi za chasi chanya) ipite hapo, ukichomoa waya wa gitaa betri inakatika. Ukisahau kuchomoa usiku, asubuhi ni juu yako.

Kweli betri iliyochoka inafanya sauti iwe nzuri zaidi?

Inafanya iwe tofauti. Betri ya kizamani ya zinki na kaboni ikichoka volti zinashuka na inakuwa nzito kutoa umeme, saketi inalegea, noti inabonyea unapoigonga. Unaweza kuiga kwa poti ya kilo-omu kadhaa kwenye njia ya umeme. Nimejaribu, nilicheza nayo siku mbili, tangu hapo ipo palepale haijaguswa.

Kuna ujanja wowote kwenye kuchomelea?

Mdogo tu. Gerimani haipendi moto, kwa hiyo tumia soketi uchomelee soketi, transista uichomeke mwishoni, hapohapo umejipatia njia ya kubadilisha na kulinganisha. Kama lazima uchomelee moja kwa moja, bana mguu kwa klipu ya mamba kati ya pasi na transista inywe moto. Kapasita zenye polariti angalia upande, hasa kwenye PNP ambako kila kitu kimegeuka, michoro mingi imechorwa kwa NPN na watu wananakili hivyohivyo.

Nimemaliza, nimewasha, kimya. Nifanyeje?

Kwanza pumua. Pili, angalia kama bypasi (pedali ikiwa imezimwa, gitaa likipita moja kwa moja) inapitisha sauti. Ikipitisha, basi waya za nje ziko sawa na tatizo liko kwenye bodi au umeme. Pima volti: betri inafika? Kolekta ya pili ina ngapi? Ikisoma karibu 9 au karibu 0, aidha transista umeigeuza miguu (hii ndo namba moja, miguu ya transista haifanani kati ya aina na aina) au kuna rezista umeisoma vibaya. Kilo-omu 33 ni chungwa chungwa chungwa, na chini ya taa ya njano chungwa na nyekundu ni mapacha, kwa hiyo pima kila rezista kwa mita kabla hujaichomelea, ni sekunde tatu.

Kama volti ziko sawa ila hakuna sauti, tengeneza kipimo cha masikio: chukua waya unaoingia kwenye ampu, kwenye ncha weka kapasita ya maikrofaradi 0.1, piga gitaa kupitia pedali huku unagusa hatua moja moja kuanzia mwanzo. Sauti inapopotea, mkosi upo kati ya hapo na ulipogusa mwisho.

Mimi nilishahangaika jioni mbili nzima na pedali ambayo nikiwa nimeiacha wazi mezani inaimba, nikifunga mfuniko kimya. Nikabadilisha transista, nikachomelea upya nusu ya bodi, nikatukana. Kumbe kile kimguu cha jeki ya kutokea kilikuwa kinagusa ukuta wa kasha nikishafunga skrubu ya nne, skrubu tatu hakigusi. Kipande cha gundi ya nailoni, imekwisha.

Inashika redio na inapiga miluzi, hasa ile ya silikoni.

Geini ni kubwa mno. Weka kapasita ndogo, pikofaradi 47 au 100, kati ya kolekta na bezi ya transista ya pili, masafa ya juu kabisa ambayo hata hivyo huyahitaji yanamezwa. Fupisha waya wa kuingilia, uweke mbali na wa kutokea, na kasha liwe la chuma lililounganishwa na ardhi. Kasha la plastiki ni zuri kwa kuwekea mkate. Au tafuta transista yenye geini ndogo, watu wanakimbilia ya 500 wakati 150 ingewafaa zaidi.

Na kama ni silikoni na sauti yake iko chini hata ukifungua yote, ile rezista ya omu 470 ibadilishe kuwa kilo-omu 1, inapanda vizuri.

Peke yake ni tamu, nikiiweka baada ya pedali nyingine inakuwa kama bati. Kwa nini?

Fazi za aina hii zinataka zikae na gitaa uso kwa uso. Upinzani wake wa kuingilia ni mdogo, kilo-omu chache, kwa hiyo pikapu ya gitaa inakuwa kama sehemu ya saketi yenyewe, ndo maana pia ukigusa volyumu ya gitaa fazi inabadilika tabia. Ukiweka bafa (saketi inayoimarisha umeme wa gitaa, ipo ndani ya pedali nyingi) katikati, uhusiano huo unavunjika, sauti inakuwa kavu na kali na volyumu ya gitaa haisafishi tena. Iweke ya kwanza kwenye mstari. Wawa (pedali ya kukanyaga inayofanya gitaa liseme "wa-wa") ikiwa mbele yake mara nyingi inapiga kelele ya ajabu, jaribu kugeuza mpangilio. Big Muff haina mambo haya sana, yenyewe inakaa popote.

Nimetengeneza mbili, nizilinganishe vipi bila kujidanganya?

Hapa ndo watu wengi tunaanguka, na mimi nimeanguka kwa kishindo. Kwa mwezi mzima nilikuwa naapa kwamba fazi yangu ya pili ni bora kuliko ya kwanza, ina mwili zaidi, ina uhai, nikawa naieleza kwa maneno kama ya mtu anayeonja chai. Siku moja jamaa yangu akaniambia niweke simu yenye programu ya kupima ukubwa wa sauti mbele ya spika. Ile ya pili ilikuwa inazidi kwa desibeli 3. Tukazisawazisha, akanigeuza uso ukutani, akawa anabadilisha yeye. Mara kumi. Nikapatia sita, yaani sawasawa na kurusha shilingi. Zile sifa zote zilikuwa ni poti ya sauti tu.

Kwa hiyo kwanza kabisa sawazisha ukubwa wa sauti, kwa kipimo, si kwa sikio. Sikio likisikia kikubwa zaidi linaita kizuri zaidi, halina aibu. Pili, sahau namba za vinobu, kuweka zote mbili kwenye saa nane hakumaanishi chochote maana poti zenyewe zinatofautiana hata kwa asilimia 20, sawazisha kwa wingi wa mkoromo. Tatu, mtu mwingine abadilishe we usione. Nne, usipige noti kali tu, piga noti moja uiache ife yenyewe, shusha volyumu ya gitaa mpaka nusu, piga nyuzi mbili pamoja, hapo ndo tofauti zinajificha.

Wengi wanarekodi gitaa safi kisha wanarudisha ile rekodi kupitia kila pedali ili mkono uwe uleule. Wazo zuri, ila kumbuka nilichosema juu ya pikapu: rekodi inatoka kwenye mashine yenye nguvu, si kwenye pikapu, kwa hiyo Fuzz Face itasikika kali isivyo. Kwa Big Muff njia hiyo ni sawa. Kwa hizi za kizamani bora upige kwa mkono, mara nyingi nyingi.

Kapasita na rezista za miaka ya 60 zinaongeza utamu?

Kapasita yenye thamani ileile inafanya kazi ileile, na zile za elektroliti za zamani nyingi zimeshakauka. Rezista za zamani za mkaa zinaongeza kitu kweli: mfoko wa kelele. Ila zikikaa ndani ya kasha zinapendeza machoni, na kama we unapenda kufungua mfuniko kuangalia, nani akukataze.

Nikishapata moja nzuri kuna haja ya kutengeneza nyingine?

Haja hakuna. Mimi ninazo sita. Ya mwisho ina transista ya zamani ya kioo, zile zilizopakwa rangi nyeusi, nilikwangua rangi upande mmoja kwa ncha ya kisu maana niliskia mwanga unaziathiri, nikaiacha bila mfuniko. Kweli bwana, ukiimulika na tochi katikati ya noti, mkoromo unabadilika. Mke wangu kapita mlangoni kanikuta nimepiga magoti, gitaa begani na tochi mdomoni, hajauliza kitu.